Mkulima wa Julai, mnunuzi wa Februari

Kuna vichwa vya habari viwili ambavyo ukikaa Mbeya utakutana navyo kila mwaka bila kukosa. Kimoja kinatoka kama mwezi wa saba hivi, bei ya mahindi yaporomoka, wakulima walia, na kingine kinatoka kama mwezi wa pili, bei ya unga yapaa, wananchi walia, na kila kimoja kina picha yake, cha kwanza mzee kasimama pembeni ya magunia, cha pili mama kashika mfuko wa unga dukani. Sasa mi nina shangazi yangu yuko Mbozi, analima mahindi na kahawa kidogo, na shangazi yangu yumo kwenye habari zote mbili. Mwezi wa saba anauza kwa sababu kuna mtoto anaenda kidato cha tano na kuna deni la mbolea na stoo yake sio ya kuaminika, dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, wanaingia. Mwezi wa pili yupo dukani ananunua sembe, na huwezi jua, pengine mahindi yenyewe yalitoka kwake.

Magazeti hayajawahi kumuona shangazi. Yanamuona "mkulima", halafu yanamuona "mlaji", yakimaliza hapo yanawakalisha hao wawili wagombane, mmoja anataka bei ipande mwingine anataka ishuke, serikali iko katikati inatafuta namna ya kuwaridhisha wote. Siku moja nikampigia, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu hamjambo huko, hatujambo, nikamuuliza hivi wewe unataka bei ya mahindi ipande au ishuke? Akacheka. "Mwezi gani?"

Jibu hilo kwangu ni uchambuzi mzima, nimeona wataalamu wakikaa studio saa nzima hawalifikii.

Nina kaduka ka steshenari Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, fotokopi, kuprinti, paspoti saizi, na watu wakisubiri kazi zao tunajadili habari za siku, na wateja kadhaa wananilalamikia kwamba kila habari naigeuza ndani nje. Ndo maana nimeona niandike. Kuna njia ya kufikiri inaitwa dayalektiki, jina linatisha kidogo, watu wakilisikia wanawaza ndevu za Marx na bendera nyekundu, lakini kazi yake sio ngumu kuieleza: badala ya kuuliza nani yuko upande gani, unauliza hiki kitu chenyewe kinavutana wapi kwa ndani, na huo mvutano unakisukuma kwenda wapi. Basi. Mengine ni mazoezi.

Historia yake nitaipita haraka maana mtandaoni imejaa. Kule Athens, Ugiriki ya kale, mwanafalsafa Socrates alikuwa anamkamata mtu anayejiona anajua, anamuuliza swali moja baada ya jingine mpaka jamaa anajikuta maelezo yake mwenyewe yanapingana. Karne nyingi baadae Hegel, mwanafalsafa Mjerumani aliyefariki 1831, akasema kupingana huko sio kwenye mazungumzo tu, historia yenyewe inatembea kwa sababu ya migongano iliyomo ndani yake. Marx akaja akasema sawa, ila anza chini, anza na watu wanavyopata riziki, nani analima, nani ana shamba, nani anachukua kinachobaki. Mwaka 1937 Mao wa China akaongeza kitu ambacho mimi nakitumia sana, kwamba kwenye jambo moja migongano inaweza kuwa mingi lakini kwa wakati fulani kuna mmoja mkuu unaoiburuza mingine, kwaiyo kazi yako ya kwanza ni kuutafuta huo.

Na hapa kwetu ilishafika zamani. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwisho wa miaka ya sitini mpaka sabini na kitu, Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa anafundisha, wanafunzi akina Issa Shivji na Karim Hirji wanaandika na kubishana mpaka usiku, wakawa na jarida lao linaitwa Cheche. Mwaka 1970 likapigwa marufuku. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba jina lenyewe lilikuwa linanukia Urusi, maana gazeti la akina Lenin lilikuwa na jina la maana hiyo hiyo, na sisi ujamaa wetu ni wa kwetu. Yani serikali ya kijamaa inafungia jarida la wanafunzi wajamaa kwa kuwa wajamaa kupita kiasi! Vijana wakaendelea na jarida jingine, wakaliita Maji Maji, jina ambalo hakuna wa kusema limetoka Moscow.

Kitu kinachonikera ni ile fomula ya shule. Ukimuuliza mtu aliyesoma kidogo dayalektiki ni nini atakwambia kuna hoja, kuna hoja pinzani, halafu zinazaa hoja ya tatu, na atakwambia ni ya Hegel. Hegel mwenyewe hakuielezea njia yake kwa fomula hiyo, iko karibu zaidi na Fichte, mwanafalsafa mwingine wa Ujerumani, na aliyemvisha Hegel ni mwalimu mmoja wa falsafa aliyekuja baadae anaitwa Chalybäus. Ungeweza kusema hayo ni mambo ya wasomi wamalizane wenyewe, ila fomula hii ina madhara, maana ukiishika hivyo unaishia kuamini kwamba ukweli ni mwafaka, chukua huyu kidogo, chukua yule kidogo, changanya.

Na hivyo ndivyo midahalo yetu ya redio na tivii ilivyo. Mgeni wa kulia, mgeni wa kushoto, mtangazaji katikati na saa ukutani, wanapigana maneno dakika arobaini halafu mtangazaji anafunga kwa kusema wote wana pointi. Hamna kilichosogea. Wale wawili wamekuja kila mmoja na msimamo wake kamili, hakuna hata mmoja aliyeulizwa msimamo wako wewe unajipinga wapi, na msikilizaji anaondoka anachagua timu kama Simba na Yanga. Socrates angewauliza kila mmoja kivyake, na sidhani kama wangekubali kurudi wiki ijayo.

Turudi kwenye mahindi maana huko ndo kuna nyama. Mwezi wa sita 2017 serikali ilizuia kupeleka mahindi nje ya nchi, maelezo yakiwa kwamba chakula kisije kikaisha ndani. Kwa mtu wa Dar es Salaam hii ilikuwa habari ya kawaida tu. Kwa huku, Mbeya, Songwe, Rukwa, Ruvuma, Iringa, Njombe, ambako ndo mahindi yanatoka, ilikuwa ni msimu wa mavuno, yani mlango wa kutokea umefungwa siku ileile ambayo kila mtu amebeba mzigo, na bei ikashuka. Baadae zuio likaondolewa. Ukifuatilia ilivyoandikwa, ilikuwa usalama wa chakula dhidi ya biashara huria, mlaji dhidi ya mkulima. Lakini muulize shangazi. Lile zuio lilikuwa linamlinda shangazi wa Februari kwa kumuumiza shangazi wa Julai, na shangazi wa Julai akiumia hana hela ya mbolea mwezi wa kumi na moja, asipoweka mbolea anavuna kidogo, akivuna kidogo Februari inayofuata anakuja na njaa zaidi. Kwaiyo ulinzi wenyewe unatengeneza kile unachozuia. Huo ndo mgongano wa ndani, na hauko kati ya watu wawili.

Halafu tarehe 8 Agosti 2022, Nane Nane, hapa hapa Mbeya uwanja wa John Mwakangale, Rais Samia akazindua ruzuku ya mbolea, mfuko ambao bei yake ilikuwa imevuka laki moja ukashushwa. Watu walishangilia na walikuwa na haki ya kushangilia, bei ya mbolea ilikuwa imepanda dunia nzima, korona kwanza halafu vita ya Ukraine. Mimi pia nilifurahi. Ila ukiwa na huu ugonjwa wangu wa maswali unaanza kuwaza, sawa, mbolea imeshuka, kila mtu ataweka, mahindi yatajaa, yakijaa mwezi wa saba bei itakwenda wapi, na stoo ya shangazi bado ina dumuzi? Sisemi ruzuku ni mbaya. Nasema imeuhamisha mgongano kutoka shambani kuupeleka stoo na sokoni, na mwandishi wa habari aliyeelewa hivyo angeacha kupiga picha za mifuko ya mbolea angeenda kukagua maghala na kuuliza NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, inaanza kununua lini, maana wakichelewa wiki tatu tu wenye shida wanakuwa wameshauza kwa walanguzi, na wanaokuja kuuza NFRA ni wale waliokuwa na uwezo wa kusubiri.

Hapo ndipo utaona neno "mkulima" linaficha mambo. Kuna mkulima anayeweza kusubiri na mkulima asiyeweza. Mara nyingi wa kwanza anamnunulia wa pili. Kwenye taarifa ya habari wote wanaitwa wakulima.

Mfano mwingine ni lumbesa. Kwa mtu wa nje, lumbesa ni lile gunia la viazi linaloshonewa kichwa juu, limevimba mpaka linafanana na mtu aliyevaa kofia, halafu linahesabiwa ni gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, mwisho ni kilo mia, na kila msimu kuna kiongozi anatoa onyo kali, Wakala wa Vipimo wanakamata gari, inatoka habari, msimu unaofuata lumbesa iko palepale. Ukisoma habari zake ni za maadili tu: wafanyabiashara wana tamaa, wakulima hawana elimu. Mi nimeongea na watu wa viazi wa upande wa Uyole na Mporoto, wanajua kabisa wanapunjwa, elimu wanayo kuliko anayekuja kuwaelimisha. Ila viazi vikishachimbwa haviwezi kukaa, dalali anajua, gari likiondoka bila mzigo wako umekwisha. Na cha kuangalia zaidi ni kwamba vitu vingi kwenye hiyo safari vinahesabiwa kwa gunia, anayepakia analipwa kwa gunia, nauli ya lori kwa gunia, na sehemu nyingine hata ushuru kwa gunia. Sasa niambie, mfumo unatoza kwa gunia halafu unashangaa gunia linakua? Siku kila kitu kikihesabiwa kwa kilo kutoka shambani mpaka Dar, lumbesa itakufa bila hotuba.

Lakini hadithi ambayo kwangu ndo inaonyesha vizuri zaidi tofauti ya njia hii na usimuliaji wa kawaida iko Iringa, Ismani, barabara ya kwenda Dodoma. Ukienda huko ukasema kamwene ukakaa na wazee, hasa ulanzi, pombe ya mianzi, ukiwepo, lazima utasimuliwa habari ya Mwamwindi na Klerruu. Siku ya Krismasi mwaka 1971 Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alienda shambani kwa mkulima Saidi Mwamwindi, wakagombana, Mwamwindi akampiga risasi akamuua, halafu akaupakia mwili kwenye gari la marehemu mwenyewe akaupeleka polisi mjini. Akahukumiwa kunyongwa. Klerruu mpaka leo ana chuo cha ualimu kwa jina lake Iringa mjini.

Hii stori inasimuliwa kwa namna mbili. Kwa mmoja Klerruu ni shujaa wa ujamaa aliyeuawa na bepari, kwa mwingine Mwamwindi ni mwanaume aliyetetea ardhi yake mbele ya dikteta mdogo. Chagua timu. Na kama kawaida yupo wa tatu anayesema wote walikuwa na hasira.

Sasa jaribu kuitoa kwa wale wawili uangalie Ismani yenyewe. Lile eneo lilikuwa pori, watu walianza kulifyeka kwa wingi kuanzia miaka ya arobaini, wakalima mahindi, trekta zikaingia, na kufikia miaka ya sitini Ismani ilikuwa inalisha miji. Hao waliofyeka wengine wakawa wakubwa, wakashika mashamba mengi, wengine wakaja kuwa vibarua wao, na udongo huku unachoka kwa mahindi mwaka hadi mwaka. Linakuja Azimio la Arusha, Februari 1967, linasema hatutaki mtu kumnyonya mtu. Serikali hiyohiyo inahitaji mahindi ya kulisha Dar es Salaam na Dodoma, na wanaoyazalisha kwa wingi ni hao hao inaotaka kuwafuta. Inawahitaji na haiwataki. Na kuna la pili, maelekezo ya Nyerere ya 1967 kuhusu ujamaa vijijini yalisisitiza hiari, watu washawishiwe, lakini mkuu wa mkoa alikuwa anapimwa kwa idadi ya vijiji alivyoanzisha, na hiari haina ratiba. Mwaka 1973 ndo ikatamkwa wazi kwamba kuishi vijijini ni amri. Kwaiyo Klerruu alikuwa amebeba mgongano ambao hakuuanzisha yeye, na Mwamwindi vilevile, mtoto wa kijiji aliyefyeka pori akapanda akawa tajiri, machoni pa vibarua ni bosi na machoni pa serikali ni kikwazo na machoni pa ukoo ni mtu wao.

Hii haimaanishi kwamba hakuna aliyekosea, mtu aliuawa na mtu alinyongwa, na tabia za watu zina uzito wake, wapo wakuu wa mikoa waliofanya kazi hiyohiyo bila kutukana wazee shambani kwao. Ila ukiibakiza kuwa ugomvi wa wanaume wawili siku ya sikukuu hutaelewa kwa nini mikoa mingine ilikuwa na migogoro inayofanana bila Klerruu na bila Mwamwindi.

Najua kuna msomaji anasema huyu kashapotea, dayalektiki imemuingia kichwani, kila kitu mgongano. Na ni kweli kuna hatari hapo, tena sio ndogo. Kule Urusi ya Stalin alikuwepo Lysenko, mtu wa kilimo, aliyesema elimu ya jeni ni upuuzi wa mabepari na haiendani na dayalektiki, na kwa sababu alikuwa na mkono wa dola nyuma yake walioipinga wakafukuzwa kazi, wengine jela. Vavilov, aliyekusanya mbegu kutoka pande nyingi za dunia, alikamatwa 1940 akafia gerezani 1943. Nikipita pale kituo cha utafiti Uyole, ambako watu wanakaa miaka wakilinganisha mbegu moja na nyingine kwenye vipande vya shamba, huwa namuwaza Vavilov. Lysenko alikuwa na jibu kabla ya kwenda shambani. Ukikutana na mtu anatumia dayalektiki na hajawahi kushangazwa na anachokikuta, huyo kimbia. Mimi kipimo changu ni hicho, ile "mwezi gani?" ya shangazi sikuitarajia.

Na vyombo vya habari vyenyewe navyo vikaangaliwe hivyohivyo, maana watu wengi uchambuzi wao wa media unaishia kwenye "wamenunuliwa". Wengine wamenunuliwa, sibishi. Ila chukua gazeti. Linahitaji kusomwa, na kila asubuhi redio na tivii zinasoma vichwa vyake bure, na pale kwenye meza za magazeti Kabwe utakuta watu kumi wamesimama wanasoma kurasa za mbele, ananunua mmoja, au hanunui mtu. Kwaiyo ukurasa wa mbele unakuwa mkali zaidi ili usomwe, na ukishakuwa mkali umeshatoa kila kitu, wa ndani anunue wa nini? Gazeti likikosa wanunuzi linaegemea matangazo, mtangazaji mkubwa ni serikali na makampuni, na ambao gazeti lilitakiwa kuwachunguza ni hao hao. Hakuna aliyekaa kikao kupanga hivyo. Mhariri anaweza kuwa mtu safi kabisa na bado atatuandikia walia, yaporomoka, yapaa, kila mwaka, kwa sababu kutuma mwandishi Mbozi mara mbili, Julai na Februari, kwa mtu yuleyule, kunagharimu, na hiyo habari haitoshei kwenye kichwa kimoja cha kusimama na kusoma.

Sisi wa mitandaoni tulidhani tutaziba hilo pengo. Grupu la watu ishirini ni maongezi, likifika mia mbili na hamsini linakuwa kituo cha habari kisicho na mhariri, tunasambaza vilevile vichwa vya habari, vingine vya mwaka juzi.

Kwa sasa naangalia parachichi. Njombe na Rungwe watu wanapanda hass, aina ya parachichi inayouzwa nje, kwa kasi, mashamba ya viazi na mengine yanageuka, na habari zote ni za dhahabu ya kijani. Mti unachukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, kwaiyo anayepanda ni mwenye uwezo wa kusubiri au aliyekopa, hapo tu shangazi wangu wawili wameshatengana. Halafu mnunuzi wa nje anachagua saizi na ngozi, lisilofaa ni rijekti, na rijekti linarudi soko la hapa kwa bei ya kutupa. Nataka kujua hasara ya rijekti iko kwa nani. Mwenye ndugu anayelima huko na amesaini mkataba, naomba uniambie hicho kipengele kimeandikwaje, au kama hakijaandikwa kabisa.